Mashine ya Shangazi Ilivyopona

Shangazi alibonyeza herufi moja, akaisubiri. Alipenga kamasi, akakunja kitambaa, akakirudisha kwenye mkoba, ndipo herufi ikatokea kwenye kioo.

"Umeona, mwanangu?" alimwambia fundi. "Nikianza kuandika 'Mheshimiwa', mpaka nifike mwisho mheshimiwa mwenyewe keshastaafu."

Watu wa masjala wakacheka. Fundi wa kompyuta hakucheka, maana alijua shangazi yake amekalia kuti kavu. Mkuu wa ofisi alikuwa ameshamwonya mara mbili kwa maandishi: barua zinachelewa, na zikiendelea hivyo hadi mwisho wa mwezi, afungashe virago. Miaka ishirini na tisa ya uchapaji, imebaki miezi minane tu astaafu kwa heshima, halafu afukuzwe kwa uvivu! Mwanamke ambaye hata chai huinywa kwa mkono mmoja, wa pili uko kwenye kibodi.

Na huyo ndiye aliyemlea fundi tangu wazazi wake walipofariki, akamsomesha, tena akambembelezea hata kibarua hiki, ambacho bado kilikuwa cha majaribio.

Fundi akavuta kiti, akaanza kupekua. Alipuliza vumbi, akafuta mafaili yaliyokwisha kazi, akasaka virusi. Wapi! Mashine ilitambaa vilevile. Ndipo alipofungua orodha ya programu zinazofanya kazi chinichini, zile ambazo mtumiaji hazioni, akaikuta moja isiyo na jina la maana, tarakimu tupu. Kila shangazi alipogusa kitufe, nayo ilishtuka, ikameza nusu ya nguvu za mashine, kisha ikatulia.

"Nimekupata, mwizi we," fundi alinong'ona.

Alizunguka ofisi nzima. Kila kompyuta ilikuwa nayo. Nyingine zilikuwa mpya, ziliuhimili ule mzigo kwa kuchechemea. Ya shangazi ilikuwa kuukuu, ndiyo iliyokuwa ikikata roho. Akawaandikia makao makuu kuwauliza hiki ni kitu gani. Jibu lilikuja siku hiyohiyo, hata salamu halikuwa nayo: Iacheni. Atakayegusa programu zetu bila kibali atafukuzwa kazi.

Wakubwa bwana! Mashine zao ni mpya, watayajulia wapi ya shangazi?

Siku mbili fundi alijikaza. Siku ya tatu alimkuta shangazi ameinamia kibodi, machozi yanamdondoka. Alikuwa amepewa barua ya kuchapa, na barua yenyewe ilikuwa onyo lake la mwisho. Nusu saa nzima, na alikuwa hajamaliza hata kuchapa jina lake na anwani.

Fundi alipiga moyo konde. Damu nzito kuliko maji. Alimwambia shangazi akanawe uso, akaketi kwenye kiti chake, akaizima ile programu kwenye mashine hiyo moja tu, akahakikisha haitaamka tena.

Shangazi aliporudi, herufi zilimiminika. Alimaliza ukurasa, akabaki ameduwaa.

"Umeipa nini?"

"Dawa, shangazi. Ila usimwambie mtu."

"Nani, mimi? Mungu akuzidishie, baba. Umeniondolea aibu."

Wiki mbili zilizofuata alichapa utadhani anashindana na mtu. Barua za asubuhi ziliondoka kabla ya saa sita, tena safi, bila kosa hata la nukta. Akaanza tena kuwatania watu wa masjala. Fundi kichwa kikamvimba, na kwa nini kisimvimbe?

Mwisho wa mwezi, mkuu alimwita fundi ofisini.

"Kaa. Kazi yako nimeipenda. Mkataba wako wa kudumu huu hapa, nautia sahihi leo. Ila kwanza nisaidie jambo. Mashine ya yule mama mchapaji ina kasoro yoyote?"

Fundi akaona hapo ndipo pa kumwombea shangazi.

"Hata moja, mkuu. Nimeitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe. Ndiyo nzima kuliko zote humu ndani."

"Una hakika?"

"Hakika kabisa."

"Basi niandikie hapo, utie sahihi."

Aliandika kwa furaha, maneno yote yale, na sahihi akaikoleza.

Mkuu aliichukua karatasi, akakigeuza kioo cha kompyuta yake kumwelekea fundi. Majina ya wafanyakazi wote yalikuwa yamepangwa, na mbele ya kila jina idadi ya vitufe alivyobonyeza kila siku: elfu tisa, elfu kumi na mbili, elfu kumi na nne. Mbele ya jina la shangazi, kwa wiki mbili mfululizo, kulikuwa na sufuri.

"Makao makuu wanahesabu kila kitufe," mkuu alisema. "Na barua zake zinatoka kila siku. Kumbe kuna mtu anamchapia, mwenyewe kakaa tu, na mimi ananiona mjinga. Nilikuwa nataka kujua tu kama si kosa la mashine."

Mlango ukagongwa. Shangazi akaingia na barua za asubuhi kifuani, uso umemchanua. Alipomwona fundi amekaa pale kwenye kiti cha wageni, akamkonyeza.

"Au una la kuongeza, fundi?" mkuu aliuliza, kalamu ikiwa juu ya ule mkataba.

Fundi aliitazama ile kalamu.

"Hapana, mkuu."