Mgeni wa Chumba cha Juu

Ardith Lindquist aliingia uwanjani na sahani ya soseji mkono mmoja, na mkono wa pili umeukumbatia mkoba kama mtu aliyebeba mayai. Ndani ya mkoba, katika leso safi, mlikuwa na miwani ya kijana Emmett.

"Mtoto kaisahau dirishani, pale kwenye sinki," alimwambia jirani yake Harlan, akikaa. "Jana alikataa kabisa nioshe vyombo. Akaivua isiingie povu, akaviosha vyote, hata lile sufuria lililoungua."

"Na leo atadaka mpira kwa kunusa?"

"Funga mdomo, Harlan. Kula soseji."

Ilikuwa siku kubwa kwa mji wa Kettle Bend. Ligi ndogo ya besiboli, ile inayojitegemea bila timu kubwa nyuma yake, ilitaka kuongeza mji mmoja, na ilikuwa imeleta timu zake mbili zicheze pale mechi ya majaribio. Wenyeji waliambiwa wawashangilie wa jezi za kijani. Mkuu wa ligi, Bwana Kessler, alikaa safu ya mbele na kofia yake ya majani, na alikuwa amesema neno moja tu: "Mimi sihesabu vichwa. Nasikiliza."

Hapo ndipo penye tabu. Watu wa Kettle Bend ukiwakanyaga mguu, wao ndio wanaoomba radhi. Na Ardith aliitaka timu ile kuliko wote. Ikija, kila nyumba yenye kitanda cha ziada itapata mtu wa kulisha kiangazi kizima. Isipokuja, chumba chake cha juu kitarudia ukimya kilioachiwa na wanawe walipohama.

Emmett alifika Alhamisi, mmoja wa vijana wa ligi waliogawiwa majumbani. Alikuwa mwembamba kama mpini wa ufagio, na akisema ni kama ananong'ona. Ardith alimuuliza kazi yake uwanjani.

"Mimi husimama nyuma ya mpigaji, bibi, na kinyago cha chuma usoni."

"Ahaa, mdakaji! Upande gani?"

"Sina upande, bibi. Kwa kweli mimi ni—"

Hata timu hana, maskini, Ardith akawaza, ndiyo maana amekonda hivi. Akamwekea kipande kingine cha pai. Tangu hapo, kila kijana alipofungua mdomo ajieleze, kiliingia kijiko. Asubuhi ya mechi Ardith alisikia mngurumo bafuni, akakimbilia mlangoni kuuliza kama maji yamemuunguza.

"Hapana, bibi," ikajibu sauti ndogo. "Nafanya mazoezi."

Sasa alimtafuta kwenye benchi la kijani, kisha kwenye benchi la bluu. Hayupo. Akateremka kumpelekea miwani, lakini mlinzi wa geti akamrudisha taratibu, akamshika na mkono kwenye ngazi. "Mpaka mechi iishe, mama."

"Wamemwacha nje mtoto wa watu," akamwambia Harlan. "Kwa sababu haoni."

"Asiyeona ni yule pale," Harlan akasema, akimwelekezea mwamuzi soseji.

Ilikuwa kweli. Mwamuzi, aliyesimama nyuma ya mdakaji, alikuwa mnene kama gunia la viazi, kinyago mpaka kidevuni, na sauti ya fahali. Mpira uliopita juu ya kofia ya mpigaji, asioweza kuufikia, aliuita mzuri. Uliobiringika mavumbini, mzuri pia. Upendeleo hakuwa nao: kijani na bluu aliwaharibia sawasawa. Mara moja alimngurumia "Nje!" muuza karanga, kana kwamba ni mchezaji wa kutolewa.

Watu wa Kettle Bend wakakohoa kwa adabu. Mmoja akathubutu kusema, "Hebu, jamani." Bwana Kessler akapiga mwayo, akatazama saa.

Zamu ya mwisho, mkimbiaji wa kijani akateleza mpaka kituo cha nyumbani, panapopatikana alama, akafika, akasimama, akajipangusa vumbi, na mpira bado uko njiani. Mwamuzi akainama kama mtu anayetafuta sindano.

"Nje!" akanguruma.

Ardith alikuwa hajawahi kumfokea hata paka. Lakini alimfikiria Emmett, aliyenyimwa kucheza kwa kukosa miwani, na huyu haoni na kazi anayo! Akapanda juu ya benchi. Soseji zikaruka.

"Wewe gunia wewe! Mwanangu yuko wapi sijui, kwa sababu ya miwani, na wewe kipofu umeachiwa uwanja mzima! Njoo uchukue hii! Njoo nikuazime!" Akaitoa kwenye leso, akaipunga juu.

Uwanja mzima ukamgeukia. Kisha Harlan, mdomo umejaa, akapaza sauti: "Miwani!" Mama wa kwaya akadakia. Mchungaji akadakia. Mara jukwaa zima linapiga miguu, mbao zinalia: "Miwani! Miwani! Miwani!"

Bwana Kessler akarusha kofia yake hewani. "Sasa nasikia!" akapiga kelele. "Mmepata timu! Kettle Bend, mmepata timu!"

Ardith akamkumbatia Harlan, akamkumbatia na asiyemjua. Alipogeuka, mwamuzi alikuwa amesimamisha mchezo kwa mkono, anakuja moja kwa moja kwenye uzio, mbele yake. Ardith akashika mkoba vizuri, tayari kumtwanga nao.

Mwamuzi akafungua mikanda mgongoni. Godoro la kujikinga likaanguka nyasini, na unene wote ukaenda nalo. Kisha akavua kinyago.

"Asante, bibi," akanong'ona, akinyoosha mkono. "Nimeitafuta tangu asubuhi."