Tuta la Mwisho la Muhogo

Mama alikalia tuta la mwisho la muhogo, akalikumbatia shina. Mihogo ya matuta mengine yote ilikuwa imeng'olewa, inaungua. Askari wa gombolola, yaani tarafa, alisimama mbele yake na panga.

"Toka, mama. Majani imejikunja, iko na ugonjwa. Itaambukiza Bwera yote."

"Afande, muhogo ndani iko mzuri. Tutakula nini?"

"Mimi najua? Bwana Shamba amesema ng'oa, choma." Akainama.

"Hii ni kaburi!"

Mkono wa askari ukabaki hewani. Kaburi halifukuliwi.

"Kaburi ya nani?"

Mama aliyatazama majani yenye mabaka ya manjano, yamesokotana mbele ya uso wake. Jina lililomjia lilikuwa moja tu.

"Ketura. Mtoto yangu ya pekee."

Askari alivua kofia, lakini macho yake hayakuamini. Basi mama akajitupa kifudifudi juu ya tuta, akapiga yowe la msiba. Huko Bwera, yowe hilo likisikika, kila mtu huacha kazi na kulikimbilia.

Wa kwanza kufika alikuwa Ketura mwenyewe, ametoka mtoni, maji ya mtungi yakimchuruzika usoni.

"Mama, nani amekufa?"