Chakula cha Msibani

Siku ya tatu ya msiba wa mumewe, Tusekile aliosha gunia zima la viazi, akavibandika mekoni kwenye sufuria kubwa. Mvua zilikuwa zimekatika mapema, mahindi yakakauka mji mzima, na waombolezaji walikuwa uani wakingoja kula.

Ambokile, mdogo wa marehemu, aliingia jikoni akafunua sufuria.

"Shemeji, unataka kutuaibisha? Viazi ni vya kunywea chai. Watu watasema hapa hapakupikwa ugali, kwa hiyo hapakuliwa. Ngoja nikaombe unga kwa jirani."

"Jirani amebakiza unga wa watoto wake," alisema Tusekile. "Viazi hivi kaka yako alivilima mwenyewe, akavivuna akiwa ameshaanza kuumwa. Leo tutamuaga navyo."

"Basi nitawaambia wasile."

"Waambie."

Alivipakua vikiwa vya moto, akaweka chumvi pembeni, akabeba sinia hadi uani. Hakuinamisha uso. Akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake.

"Mama, karibu chakula," alisema, na neno hilo la mwisho akalitamka kwa sauti ya kusikika hadi getini.

Mama yule hakuwa ametia kitu kinywani tangu mwanawe afariki. Alimtazama mkwewe, akamtazama Ambokile aliyesimama mlangoni. Kisha akachukua kiazi kimoja, akaanza kukimenya kwa ukucha, polepole, mvuke ukimpanda usoni.

Hakuna mgeni aliyeinuka kuondoka.