Mlango wa Jikoni

Brashi ilishachovywa kwenye rangi nyeupe, inadondosha matone, pale dada wa makumbusho alipopiga ukelele mlangoni.

"Mama, usipake!"

Mjane akageuka. Wiki tatu nzima binti huyu alikuwa akipima na kuorodhesha kila picha aliyoichora marehemu mumewe, na jana tu alifunga daftari kwenye namba mia tatu na kumi na moja.

"Huu ni mlango wa jikoni, mwanangu. Alikuwa akifutia brashi zake hapa."

"Kwa miaka mingapi?"

"Thelathini na minne. Na miaka yote hiyo nampigia kelele auondoe huu uchafu."

Binti alishapiga magoti, futi mkononi, pua karibu iguse mbao. Mjane naye akainama, atazame kuna nini cha ajabu.

Chini kulikuwa na bluu ya mwaka aliozaliwa kitinda mimba wao. Karibu na komeo rangi ilikuwa nene kama ukoko, na katikati yake kidole gumba cha mumewe kimejichapa, na mistari yake yote.

Akacheka peke yake. Akalifunika kopo, akaukandamiza mfuniko kwa kisigino mpaka ukakaza.

"Namba mia tatu na kumi na mbili," binti akasema, akiandika. "Vipimo tayari. Jina je? Mwenyewe alikuwa akisemaje kuuhusu?"

Hapo mjane hakuhitaji kufikiri.

"Andika: *Nitaupaka Kesho, Mke Wangu*."