Honi Isiyo na Kitufe

"Honi haina kitufe!" Sostenes aliinua mchoro juu ili wavuvi wote waliokuwa ufukweni wauone. "Fundi wenu amechora honi, akasahau pa kubonyeza!"

Wavuvi wakacheka. Kefa, aliyekuwa ndani ya boti akifunga betri, hakuinua kichwa.

Boti ilikuwa ya Loisi, mjane aliyetoka kijiji cha Mvumi. Ya kwanza ilipotea Jumapili moja watu wakiwa ibadani. Sostenes ndiye aliyemweleza yaliyotokea: upepo wa bwawa la Mtera hauna adabu, ukikuta kamba imelegea unaondoka na chombo chako. Hii ya pili Loisi aliinunua kwa ng'ombe wa mwisho walioachwa na mumewe. Ya tatu isingekuwepo.

Sostenes alikuwa makanika wa meli za shirika kule Ziwa Viktoria, mpaka shirika lilipouzwa na watu wakapunguzwa kazini. Biashara ilipoachiwa huria akaja Mtera kununua samaki na kuwapeleka Iringa kwa pikapu. Alimdharau kila mtu ambaye hakuzaliwa karibu na maji. Aliyemdharau kuliko wote ni Kefa, fundi wa kutandaza nyaya za nyumba, ambaye Loisi alimwita aifungie boti umeme.

"Mbukwa, injinia wa mbuga!" alimwamkia kwa salamu ya kwao Mvumi, kwa kejeli. "Maji umeyajulia kwenye kibuyu, leo unafunga umeme wa boti?"

"Mbukwa, mtani," Kefa alijibu.

"Na betri ya lori ya nini? Taa zenyewe mbili."

"Nataka idumu hata taa zikiwa zimezimwa."

"Mnamsikia? Taa zikizimwa betri inaliwa na nani? Panya?"

Kefa akashuka, akapigilia nondo mchangani kwa nyundo. Kisha akavuta waya kutoka kwenye boksi la umeme la boti, akaufunga kwenye nondo ile, akaurudisha tena botini.

Sostenes alicheka mpaka akafuta machozi. "Ethi! Jamani, ameifungia boti ethi! Hiyo ni ya nyumba, ndugu yangu, ya kupeleka umeme ardhini. Boti ina ardhi gani? Na tazameni, hata ethi yenyewe inakwenda na kurudi, kama mtu aliyesahau ndoo kisimani."

"Hautaua mtu huo?" aliuliza mvuvi mmoja, akirudi nyuma.

"Uue nini?" Sostenes aliukamata waya kwa mkono mtupu, akaonyesha kiganja. "Huu ni maiti. Ukatwe hata leo, hakuna kitakachobadilika."

Kefa akaendelea kukusanya vifaa vyake.

Wengine walipoondoka, Loisi alibaki amesimama na kanga yake mdomoni. Aibu ilikuwa imempanda.

"Fundi, kweli hii ni ethi?"

"Mwenye kujua boti amesema ni ethi, mama."

"Ungeniambia hujui, ningetafuta mwingine. Ng'ombe wangu wamekwisha."

Kefa akampa ufunguo mdogo. "Ukitaka kwenda kuvua, zungusha kwanza huu hapa kwenye boksi, ndipo ufungue ule waya. Usisahau."

"Nikisahau?"

"Utanikumbuka."

Loisi aliupokea kama mtu anayepokea chenji pungufu.

Kwa kuwa kesho yake ilikuwa Jumapili, alimwomba Kefa alale kwa jirani na aende nao kanisani kabla ya kupanda gari la kurudi Mvumi. Alifanya hivyo kwa adabu tu. Kanisani hakukaa naye benchi moja.

Mchungaji alikuwa katikati ya mahubiri honi ilipolia. Watu wakageuka, wakidhani lori limeziba njia ya mtu. Honi haikunyamaza. Aliyekaa mlangoni akachungulia, akasema barabara ni tupu.

Kefa alikuwa ameshasimama. Loisi akamwangalia, kisha akaangalia ufunguo aliokuwa ameufunga kwenye pindo la kanga, akatoka mbio. Kanisa zima likamfuata.

Boti ilikuwa imeanza kuelea, kamba imeachia, taa zote mbili zinawaka kwenye jua la mchana. Ufukweni ilibaki nondo na kipande cha waya uliokatwa. Sostenes alikuwa majini hadi kiunoni, koleo la kukatia waya limening'inia mfukoni, mikono yote miwili ndani ya boti. Alikuwa anapapasa chini ya ubao, juu ya boksi, pembeni mwa betri, akitafuta pa kubonyeza.

Kefa akaingia majini na viatu vyake vya ibada. Alichukua ncha mbili za waya zilizobaki upande wa boti, akazigusanisha, waya ukawa mzima tena.

Honi ikanyamaza.

"Kumbe upepo wa Mtera," alisema Loisi, "unatembea na koleo."