Wenye Kumtaja

Mama yake Tajudini alikuwa ametangaza mtaa mzima wa Buyenzi. "Mutoto yangu wazungu wanamutaja mu vitabu vyao. Kila mwezi wanamutaja." Ndipo ikaandaliwa dua ya shukrani, ikasomwa mchana ili watu wawahi makwao kabla ya amri ya kutotoka nje.

Tajudini alikaa ubavuni mwa shehe, mikono wazi, akiyatazama marashi yakimkauka viganjani.

Kumtaja walimtaja, tena kwa sababu alikosea. Vinasaba vya malaria alivyoviandikia makala vilitoka kwenye damu iliyooza frijini, wiki ile vita vilipokata umeme wa maabara. Alijua, akaichapisha hivyo hivyo. Sasa kila mtafiti wa Ulaya aliyeandika juu ya malaria alianza kwa kuonyesha kosa lile, na jina la mwenye kosa.

"Ya Rabi," shehe akaomba, "uzidishe wenye kumutaja."

"Amina," wakaitikia wote, sauti ya mama ikizipita zote kutoka nyuma ya pazia.

Shehe akamgeukia. "We hatujakusikia, kijana yetu."

"Amina," akasema Tajudini.

Watu wakapangusa nyuso kwa viganja, dua ikaisha. Naye akapangusa wake, ila mikono hakuiondoa.