Kivumbasi Kiganjani

Tangu homa ya masika imtoke, Nankondo hakuwa akisikia harufu ya kitu chochote, na hakumwambia mtu. Mji mzima ulisifu chai yake ya majani ya mlimani, angeanzia wapi? Kila Jumamosi alipanda na mumewe, Mbazi, akachuma kwa kukisia tu, kwa macho.

Leo alikata kitawi cha kivumbasi, akakifikicha kiganjani kwa mazoea, akakipeleka puani. Pua ikamwasha. Akafikicha kingine upesi. Harufu ilimpanda kichwani hadi machozi yakamlengalenga.

“Mbazi, njoo,” aliita. “Nasikia harufu.”

Mbazi akatua kikapu chake taratibu. “Mungu mkubwa. Miezi saba nakunywa malisho ya mbuzi, mke wangu.”

“Kumbe ulijua? Mbona hukusema?”

“Na wewe mbona hukusema?”

Nankondo aliangua kicheko. Akapindua kikapu, majani ya asubuhi nzima yakamwagika kwenye umande, akapiga magoti na kuanza kuyanusa moja moja, hili akilirudisha kikapuni, lile akilitupa bondeni. Ghafla akayaacha yote, akamvuta mumewe kwa ukosi wa shati, akaweka pua shingoni mwake, akafumba macho.